Misamaha ya mwaka mmoja mmoja: jinsi Marekani ilivyowaachia waajiri bima ambayo sheria ilikwisha kuikataa

Tarehe 30 Septemba 2010 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba McDonald's huenda ikaifuta bima ya afya ya wafanyakazi wake wapatao 30,000 wanaolipwa kwa saa. Kampuni ilikanusha kuwa imekusudia hivyo, ila haikukanusha kwamba ilikuwa imekwenda kwa maofisa wa serikali kulalamikia kanuni mpya. Sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama ilitiwa saini tarehe 23 Machi mwaka huo huo. Ilikuwa haijamaliza miezi saba, na tayari ilikuwa inatuhumiwa kuwanyang'anya bima watu iliotungwa kwa ajili yao.

Ili kulielewa sakata hilo ni lazima kwanza kuitazama bima yenyewe. Mfanyakazi wa mgahawa alikuwa na ngazi za kuchagua. Akikatwa dola 14 kwa wiki, bima ilimlipia matibabu yasiyozidi dola 2,000 kwa mwaka. Akikatwa kama dola 32 kwa wiki, ilimlipia hadi dola 10,000. Piga hesabu ya ngazi ya chini: dola 14 kwa wiki 52 ni dola 728. Mtu analipa dola 728 ili apate, akiumwa sana, dola 2,000. Kwa bei za hospitali za Marekani fedha hizo zinatosha kumwona daktari mara kadhaa, kupima damu na kununua dawa za kawaida. Akivunjika mguu au akipata saratani, kikomo kinakwisha kabla hajatoka wodini.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye bima ya kampuni binafsi anakijua kikomo vizuri. Kuna cha kulazwa, kuna cha matibabu ya nje, na familia ikikimaliza kabla ya Desemba inarudi kulipa taslimu. Tofauti ni ukubwa wa bili zinazokingwa. Bima hizi ndogo zilikuwa zimeenea Marekani katika kazi zenye mishahara midogo na watu wa kuingia na kutoka: migahawa, maduka makubwa, kampuni za kukodisha vibarua, mashamba. Mwajiri aliweza kutangaza kwamba anatoa bima ya afya, na mfanyakazi alikuwa na kadi mfukoni. Wengi walikuja kugundua udogo wake siku walipolazwa.

Sheria mpya ililenga kuziondoa. Kifungu cha 2711 kilifuta papo hapo vikomo vya maisha, yaani kile kiwango ambacho mtu akikifikia, kampuni ya bima haimlipii tena hadi anakufa. Vikomo vya mwaka viliondolewa kwa hatua. Kwa mipango ya bima iliyoanza mwaka wake kuanzia tarehe 23 Septemba 2010, kikomo hakikuruhusiwa kushuka chini ya dola 750,000. Mwaka uliofuata kiwango kilipanda hadi dola milioni 1.25, kisha milioni 2, na kuanzia tarehe 1 Januari 2014 kisiwepo kikomo chochote kwa huduma za msingi.

Kutoka dola 2,000 hadi dola 750,000 hakuna marekebisho madogo ya kufanya. Bima ya namna hiyo haiongezewi kidogo hapa na pale ikafika. Ni bidhaa nyingine kabisa, yenye bei nyingine, ambayo mtu anayelipwa dola saba au nane kwa saa hawezi kuinunua na mwajiri wake hakuwa na wajibu wowote wa kumnunulia. Hapa ndipo kasoro ya ratiba ya sheria ilipoonekana. Masoko ya bima yenye ruzuku ya serikali yalipangwa kufunguliwa ili bima zianze kufanya kazi Januari 2014. Upanuzi wa Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ulipangwa Januari 2014. Wajibu wa waajiri wakubwa kuwakatia bima wafanyakazi wao, nao Januari 2014. Marufuku ya vikomo vidogo pekee ndiyo iliyoanza Septemba 2010. Kwa miaka mitatu na miezi mitatu, bima mbaya ilikuwa imeharamishwa na iliyo nzuri haijafika.

Waandishi wa sheria hawakulisahau jambo hili moja kwa moja. Kifungu kilimtaka waziri wa afya, anapoweka viwango vya muda, ahakikishe kwamba huduma zinapatikana bila kupandisha sana ada za bima. Neno msamaha halimo katika kifungu hicho. Lililetwa na kanuni za wizara za Juni 2010, zilizompa waziri nafasi ya kuuacha mpango fulani uendelee na kikomo chake cha zamani ikiwa kuulazimisha kufuata kiwango kipya kungewapunguzia sana watu huduma au kungepandisha sana ada. Wakosoaji waliuliza tangu mwanzo: je, waziri anaweza kusamehe kitu ambacho Bunge halikumwambia asamehe? Nionavyo mimi, jibu la wizara lilikuwa na mashiko, kwa sababu kazi ya kuamua kikomo gani kinafaa katika kipindi cha mpito alikabidhiwa yeye. Udhaifu haukuwa katika mamlaka. Ulikuwa katika namna yalivyotumiwa.

Waraka wa tarehe 3 Septemba 2010 ulieleza utaratibu, nao ulikuwa mfupi kupita kiasi. Mwombaji aeleze masharti ya mpango wake, idadi ya watu waliomo, kikomo kilichopo na ada inayotozwa. Aeleze kwa nini kufuata sheria kungeleta madhara, na aambatishe tamko la msimamizi wa mpango au mkuu wa kampuni kuthibitisha hayo. Aombe siku 30 kabla ya mwaka wa mpango kuanza. Msamaha ni wa mwaka mmoja, na mwakani aombe tena. Ada inayopanda "sana" ni ada inayopanda kwa kiasi gani? Waraka haukusema.

Kundi la kwanza la misamaha lilijulikana mwanzoni mwa Oktoba: waajiri, kampuni za bima na mifuko ipatayo 30, yenye watu karibu milioni moja. Mpango wa McDonald's ulikuwa miongoni mwa ile iliyosalimika. Jack in the Box, mgahawa mwingine wa vyakula vya haraka, ilikuwamo pia. Lakini orodha hiyo ilikuwa na jambo lililowashangaza waliodhani hii ni hadithi ya mabepari wa burger. Mpango mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mfuko wa ustawi wa chama cha walimu wa jiji la New York, wenye watu 351,000. Walimu wale hawakuwa na bima duni. Jiji linawapa bima kuu, na mfuko wa chama huongezea mambo ambayo bima kuu haiyagusi, kama dawa, na huweka kikomo katika nyongeza hizo. Mbele ya sheria, nyongeza yenye kikomo kwa mtu aliyekwisha kukingwa na kadi ya dola 2,000 kwa mtu asiye na kitu kingine vilikuwa kosa la aina moja.

Baada ya hapo maombi yalimiminika. Kufikia Desemba misamaha ilikuwa 222, mwishoni mwa Januari 2011 ilizidi 700, na katikati ya Mei ikafika 1,372. Watu waliokuwa katika mipango iliyosamehewa walizidi milioni 3. Wizara ilijitetea kwamba hao hawakufika asilimia 2 ya Wamarekani wenye bima binafsi, na ilikuwa kweli. Wapinzani nao walijibu kwa swali ambalo halihitaji hesabu: kama sheria ni njema, mbona kila anayeikwepa anaruhusiwa? Chama cha Republican kilikuwa kimeshinda Baraza la Wawakilishi katika uchaguzi wa Novemba 2010, kwa hiyo swali hilo lilipata ukumbi. Februari 2011 Steve Larsen, mkuu wa kitengo cha wizara kilichosimamia bima, aliitwa mbele ya kamati ndogo ya uchunguzi kueleza nani anapata msamaha na kwa kigezo gani.

Tuhuma iliyovuma zaidi ilikuwa ya upendeleo, na kisa chake maarufu ni cha San Francisco. Mei 2011 iliripotiwa kwamba kati ya misamaha mipya 204 iliyotolewa Aprili, 38 ilikwenda kwa migahawa, hoteli na kumbi za starehe zilizomo katika jimbo la uchaguzi la Nancy Pelosi, yule yule aliyekuwa Spika wakati sheria inapitishwa. Habari kama hiyo haihitaji kupambwa. Ilisambaa nchi nzima kwa siku chache.

Maelezo yake ni marefu kuliko kichwa cha habari, nayo ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote katika kisa hiki. San Francisco ilikuwa na sheria yake ya jiji, iliyopitishwa mwaka 2006 na kuanza kazi 2008, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge kiasi fulani cha fedha za afya kwa kila saa anayofanya kazi mfanyakazi wake. Wenye migahawa waliipinga mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kulisikiliza shauri lao mwaka 2010. Mpaka leo mtu akila katika baadhi ya migahawa ya jiji hilo huona nyongeza kwenye bili kwa ajili ya gharama hiyo. Mwajiri aliruhusiwa kuitimiza sheria ya jiji kwa kukata bima, kwa kulipia mpango wa jiji, au kwa kumfungulia mfanyakazi akaunti ya kurudishiwa gharama za matibabu. Akaunti ina fedha zilizowekwa, na zikiisha zimeisha. Kwa hiyo ina kikomo cha mwaka. Kwa hiyo inavunja sheria ya taifa.

Mwenye mgahawa, basi, alikuwa anatii amri ya jiji na kwa kutii huko anaasi amri ya serikali ya taifa. Kampuni moja ya jimbo la Washington, iitwayo Flex Plan Services, ilikuwa inawasimamizia waajiri wengi akaunti za namna hiyo, ikawaombea wateja wake msamaha kwa mkupuo mmoja. Jiji lenye sheria kama ile ndilo lililotoa wateja wengi. Agosti 2011 wizara ilikubali kwamba akaunti hizo hazikupaswa kuombewa moja moja na ikazisamehe zote kama aina. Uamuzi huo ungetoka Septemba iliyotangulia, migahawa ya jimbo la Pelosi isingekuwa katika orodha yoyote na magazeti yangetafuta habari kwingine.

Sisemi kwamba kila msamaha ulikuwa safi. Nasema kwamba mfumo wa ombi moja moja huzaa harufu ya upendeleo hata pale ambapo hakuna aliyependelewa, kwa sababu orodha ya waliosamehewa inaonekana na sababu hazionekani. Mwanzoni wizara ilichapisha majina bila kueleza kila mmoja alionyesha nini. Waliokataliwa hawakujulikana sana. Mwenye duka la watu 40 asiye na wakili wala msimamizi wa bima wa kumwambia kuna mlango huo, hakuuona.

Ofisi ya uwajibikaji ya serikali, ambayo ni mkaguzi wa Bunge, ilitoa ripoti yake Juni 2011. Haikukuta kwamba vyama vya wafanyakazi au marafiki wa rais walipimwa kwa mizani nyingine. Ilichokuta ni kwamba zaidi ya asilimia 95 ya maombi yalikubaliwa, na kwamba kigezo kikuu kilikuwa makadirio ya kupanda kwa ada. Ombi lililokadiria ongezeko la asilimia 10 au zaidi kwa kawaida lilipita. Lililokadiria asilimia 6 au pungufu lilikataliwa. Katikati, maofisa walitazama mambo mengine.

Kigezo cha asilimia 10 kinaeleweka na ni rahisi kukitumia. Ila makadirio yale yalitoka kwa nani? Kwa mwombaji mwenyewe, au kwa kampuni inayomuuzia bima, yaani watu wawili ambao wote walitaka jibu liwe ndiyo. Kisha, kwa bima ya dola 2,000, ni kampuni gani duniani ingeweza kufika dola 750,000 kwa ongezeko la chini ya asilimia 10? Kadiri bima ilivyokuwa mbovu, ndivyo pengo lilivyokuwa kubwa, na ndivyo msamaha ulivyokuwa wa hakika. Mwajiri aliyekuwa na kikomo cha dola 500,000, ambaye alihitaji kusukumwa kidogo tu, huyo ndiye aliyekuwa katika hatari ya kukataliwa. Kigezo kilifanya kazi yake sawasawa na matokeo yake yakawa kinyume cha unavyotarajia.

Na kuna mtu mmoja ambaye hakuulizwa hata mara moja katika utaratibu mzima. Fomu ilitaka sahihi ya mkuu wa kampuni, haikutaka maoni ya mfanyakazi. Huenda wengi wangesema wacha ibaki, nusu shari kuliko shari kamili. Huenda wengine wangesema zile dola 14 za wiki nipeni mkononi. Hatuwezi kujua, kwa sababu utaratibu haukumtambua.

Seneti ilijaribu kumtambua kidogo. Tarehe 1 Desemba 2010 Seneta Jay Rockefeller wa West Virginia, mwenyekiti wa kamati ya biashara, aliitisha kikao kuhusu bima hizi ndogo na kuhoji kama zinastahili hata kuitwa bima. Rockefeller alikuwa Mdemokrati, wa chama cha rais. Hakuipinga sheria, alikerwa na kinachosamehewa. Ofisa mkuu wa rasilimali watu wa McDonald's alifika mbele ya kamati kuutetea mpango wa kampuni yake: kwamba wafanyakazi wengi ni vijana, hukaa muda mfupi, hawatumii matibabu makubwa, na kwamba bila mpango huo wasingekuwa na chochote. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyoibeba misamaha yote, na ndiyo ngumu kuijibu. Lakini ina shimo. Bima inanunuliwa kwa ajili ya yule mmoja atakayeugua sana. Kusema kwamba wengi hawataugua ni kueleza kwa nini inauzika kwa faida, hakuelezi inamkinga nani.

Siku chache baada ya kikao, tarehe 9 Desemba, wizara ilitoa masharti ambayo yangepaswa kuwamo tangu waraka wa kwanza. Yeyote aliyepata msamaha alitakiwa kuwapa wanachama wake taarifa iliyoandikwa kwa herufi nene na kubwa, ikitaja kikomo kwa dola, na kuwaambia wazi kwamba bima yao haifikii kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria. Kampuni za bima zikazuiwa pia, isipokuwa katika hali chache, kutumia msamaha kuuza mipango mipya ya aina hiyo. Kwangu mimi taarifa ile ndiyo kitu bora kilichotoka katika sakata hili. Haikumpa mgonjwa hata senti moja ya ziada, lakini aliyeshika kadi alijua ameshika nini.

Kulikuwa na msamaha wa pili uliopita kimyakimya. Kuanzia 2011 kampuni za bima zilitakiwa kutumia angalau asilimia 80 au 85 ya ada kwa matibabu, kutegemea ukubwa wa kundi, au ziwarudishie wateja tofauti. Hili ndilo lililokuwa limeitia hofu zaidi McDonald's, kwa sababu bima ndogo ina gharama kubwa za uendeshaji: watu wanaingia, wanatoka, na kinacholipwa ni kidogo. Novemba 2010 wizara iliamua kwamba mipango yenye kikomo kisichozidi dola 250,000 ihesabiwe matumizi yake ya matibabu mara mbili. Mpango uliotumia senti 42 kwa kila dola ulionekana umetumia senti 84. Kizidisho hicho kilipunguzwa baadaye: 1.75 mwaka 2012, 1.5 mwaka 2013. Ni aibu kidogo kukiangalia kikiwa kimeandikwa hivyo, lakini angalau kilikuja kuwekewa ngazi ya kushuka. Misamaha ya vikomo haikuwa na kitu kama hicho. Aliyesamehewa akiwa na kikomo cha dola 2,000 hakutakiwa kufikisha hata 5,000 mwaka uliofuata.

Juni 2011 wizara iliamua kuufunga mlango. Maombi mapya yasipokelewe baada ya tarehe 22 Septemba 2011. Waliokwisha kupata waongezewe hadi 2014 kwa sharti la kuendelea kutoa taarifa kwa serikali na kwa wanachama. Kelele za kisiasa zilipungua karibu mara moja, jambo linaloonyesha kwamba kilichowaudhi watu zaidi kilikuwa orodha inayorefuka kila mwezi.

Hadithi ingeishia hapo kama 2014 ingefika kama ilivyochorwa. Haikufika hivyo. Juni 2012 Mahakama Kuu iliiacha sheria isimame lakini ikaamua kwamba majimbo yasilazimishwe kupanua Medicaid. Texas na Florida, miongoni mwa mengine, yakakataa. Tarehe 2 Julai 2013 Mark Mazur, naibu waziri wa fedha aliyeshughulikia sera ya kodi, alitangaza kwamba adhabu kwa waajiri wakubwa wasiowakatia wafanyakazi bima hazitatozwa mwaka 2014 bali 2015, kwa sababu taratibu za kutoa taarifa zilikuwa nzito mno. Februari 2014 wenye wafanyakazi 50 hadi 99 wakasogezewa tena hadi 2016. Safari hii msamaha ulikuwa wa wote, bila maombi, bila orodha. Haukuwa na harufu ya upendeleo hata kidogo, na badala yake ulileta kesi ya kikatiba.

Wiki mbili baada ya tangazo la Mazur, Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 264 dhidi ya 161 muswada wa kuuhalalisha ule ule uahirisho. Ikulu ikatishia kuukataa kwa veto. Chama kilichokuwa kinapinga sheria kilipigia kura jambo alilotaka rais, na rais akatishia kulikataa jambo alilokwisha kulifanya, kwa hoja kwamba muswada hauhitajiki. Baadaye Baraza liliushtaki utawala mahakamani. Septemba 2015 Jaji Rosemary Collyer aliamua kwamba Baraza halina haki ya kushtaki kuhusu uahirisho huo. Swali la kama serikali inaweza kuahirisha wajibu uliowekewa tarehe na Bunge halikujibiwa.

Turudi kwa mfanyakazi. Mwisho wa 2013 misamaha ya vikomo ilikwisha muda wake. Home Depot ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wapatao 20,000 wa saa chache waliokuwa na bima ndogo wangeipoteza na kwenda katika masoko mapya. Trader Joe's na Target nao waliacha kuwakatia bima wafanyakazi wa saa chache, wakawapa dola 500 za kuanzia. Kwa wengi ilikuwa nafuu ya kweli: mtu mwenye kipato cha kati ya mara moja na mara nne ya mstari wa umaskini alipata ruzuku, akanunua bima isiyo na kikomo.

Lakini tuchukue mfanyakazi wa mgahawa Houston anayefanya saa 25 kwa wiki kwa kima cha chini cha dola 7.25. Mwaka mzima anapata dola 9,425. Mstari wa umaskini uliotumika kwa ruzuku za 2014 ulikuwa dola 11,490 kwa mtu mmoja. Yuko chini yake, kwa hiyo hapati ruzuku, maana sheria ilidhani atakuwa Medicaid. Medicaid ya Texas haimchukui mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu. Mwajiri hawajibiki kwake, kwa kuwa wajibu unahesabu wanaofanya saa 30 au zaidi, na hata wao wameahirishiwa. Ile kadi ya dola 2,000 imepigwa marufuku. Hoja ya mwaka 2010, kwamba bila bima ndogo asingekuwa na chochote, kwake ilikuja kuwa kweli kabisa katika mwaka ambao kila mtu alikuwa ameahidiwa kwamba haitakuwa kweli tena.

Waajiri wakubwa nao waligundua kitu katika maandishi ya sheria. Marufuku ya vikomo inahusu huduma ambazo mpango unazilipia. Mpango wa mwajiri mkubwa haulazimishwi kulipia kila huduma ya msingi. Basi ukiondoa kulazwa kabisa, hakuna kikomo cha kulazwa cha kulalamikiwa. Mwaka 2013 na 2014 washauri wa bima walianza kuuza mipango ya chanjo, vipimo na kinga tu, iliyotosha kumwepusha mwajiri na adhabu kubwa ya dola 2,000 kwa kila mfanyakazi. Mingine iliongezwa huduma za daktari, ikaachwa bila kulazwa, na bado ilipita katika kikokotoo cha serikali cha kupima thamani ya bima. Tarehe 4 Novemba 2014 wizara za fedha na afya zilitangaza kwamba mpango usiolipia hospitali kwa kiwango cha maana hautahesabiwa kuwa umetimiza thamani hiyo. Tangazo hilo hilo liliwaachia waajiri waliokwisha kutia saini mikataba kabla ya siku ile, ambao mwaka wao wa bima ungeanza kabla au ifikapo tarehe 1 Machi 2015, waendelee nayo hadi mwaka huo wa bima uishe.